Kidole Cheusi cha Shemasi Barnabé

Barnabé ni fundi wa maabara katika kituo kimoja cha afya mjini Kalemie, mlimani juu ya mto Lukuga. Ni Mubembe kutoka mji wa Baraka, shemasi wa kanisa, na kwa miaka ishirini na miwili ametazama damu za watu kwa hadubini bila kusema mengi. Damu, anasema, haina mazungumzo.

Mwaka jana mradi fulani ulimletea kibanio cha mwanga. Unakibana kwenye ncha ya kidole, mwanga unapenya nyama, chombo kinasoma ni kiasi gani damu imeunyonya, na baada ya pumzi nne kinaandika namba ya wingi wa damu. Sindano hakuna. Namba ikiwa chini ya saba, taa nyekundu inawaka na mgonjwa anapelekwa hospitali kubwa siku hiyohiyo kuongezewa damu. Karatasi za rangi alizopimia damu zamani zilichukuliwa. Hazikuhitajika tena.

Barnabé hakukipenda wala kukichukia. Alianza kukiheshimu siku macho yake yalipomwambia kwamba mtoto fulani ni mzima, na kibanio kikasema sita. Kibanio kilikuwa sahihi.

Kwa hiyo alipombana kidole Mouna, aliyekuja kupimwa na mimba ya miezi saba, na taa nyekundu ikawaka kwenye nne, hakupuuza. Alijaribu vidole vyote kumi, vilivyokwisha kupakwa hina nyeusi kwa ajili ya arusi ya dada yake, iliyokuwa alasiri ileile. Nne, nne, tano, nne.

"Inasema nini, Papa?" aliuliza Mwanamisi, shangazi yake Mouna.

"Inasema Mama huyu hana damu."

"Muntu hana damu, na amepanda huu mulima kwa miguu, anaongea njia nzima? Mimi njo nilikosa pumzi!"

Mjomba Sulemani, aliyewasindikiza, alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati. "Chukueni yangu. Lakini nasikia wenye kutoa wanapewa soda."

Barnabé alivuta kope ya chini ya Mouna. Ndani kulikuwa kwekundu. Lakini macho yake yalisema hivyohivyo juu ya yule mtoto. Akimwacha aende na kibanio kikawa sahihi, Mouna anaweza kufa siku ya kujifungua. Akimpeleka bure, arusi itampita akiwa kitandani, akingojea damu ya mjomba asiyoihitaji.

Akavitazama tena vile vidole.

"Hina imebaki?"

Mwanamisi alikuwa nayo mfukoni, ya kumalizia miguu ya bibi arusi. Barnabé alijipima kidole cha shahada: kumi na nne. Kisha akakinyoosha kipakwe.

"Bibi arusi wa pili!" alisema Mwanamisi. "Mahari tupeleke Baraka?"

Baada ya saa moja alinawa, akajipima tena. Tano. Taa nyekundu.

"Papa Barnabé, tukupeleke hospitali?" aliuliza muuguzi Emmanuella.

"Ngoja kwanza."

Sasa alijua kwamba hina inakidanganya kibanio. Hilo halikumwambia lolote kuhusu damu ya Mouna. Alijibana ndewe ya sikio: kumi na nne. Akarudia: kumi na nne. Ndipo akamwomba Mouna avue hereni.

Pumzi nne. Kumi na moja na nukta nne. Taa ya kijani.

"Mimi niko muzima," alisema Mouna, akirudisha hereni. "Hakuna aliyeniuliza."

Sulemani alikunjua mkono wa shati. "Na soda?"

Katika daftari la mradi hapakuwa na nafasi ya sikio wala ya hina. Barnabé aliandika pembeni, kwa herufi ndogo, akatia sahihi.

Jumapili alipitisha sahani ya mkate kanisani. Mama Yvette, mzee wa safu ya mbele, alikitazama kidole, akamtazama shemasi, kisha akachukua mkate wa upande wa pili wa sahani. Barnabé akasogeza sahani kwenye safu ya pili. Hina ile ilichukua Jumapili tatu kutoka.