Mpishi Kwenye Mstari wa Kulenga

Mpishi wa shule ana miezi miwili tu tangu ashike bunduki, na kila Jumatano anakuja kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha na ile yake ya marisau, ya mtutu mmoja, kitako kimefungwa plasta. Akisimama kwenye mstari anafuta viganja kwenye aproni, analaza shavu kwenye kitako kama mto, halafu anaita "Vuta!" kwa sauti ileile ya kuwaita watoto wa Minnesota waje wachukue chakula. Kwa amri hiyo mtambo unarusha kisahani cha udongo angani, anafyatua, kinageuka vumbi. Duane, mwanachama wa siku nyingi mwenye bunduki ya Kiitaliano na maneno mengi kuliko risasi, haachi kumtania. "Mama, hilo gobore si la kufukuzia kunguru?" Mpishi anamjibu, "Ndiyo, na kunguru mwenyewe kashaanza kelele."

Jumatano hii alivunja visahani ishirini na vinne mfululizo kati ya ishirini na vitano, kikabaki kimoja. Duane, ambaye kwa miaka kumi na mmoja klabuni hajawahi kufikisha ishirini na tano, akasahau kufumba mdomo. Mpishi akafuta viganja. "Vuta!" Vumbi tupu! Sasa hapa, ukifikisha ishirini na tano mara ya kwanza, kofia yako inarushwa juu na wenzako wanaitoboa kwa risasi. Ndiyo heshima yako. Kofia ikapaa, wanaume wanne wakafyatua, ikatua nzima. Akaiokota, akaigeuza. "Nyie! Hata tundu moja la kumwonyesha mume wangu?" Wakacheka wote, isipokuwa Duane. "Tutairusha tena, mama," akasema taratibu, "ila kwanza nionyeshe unavyosimama."