Asiyefaa Kuhudumia Watu

Yeyote anayenijua pale mtaani kwetu Bani Malik, Jeddah, atakwambia kuwa mie nikianza kusema sinyamazi. Kwa hivyo siku nilipoandikiwa barua kuwa mie ni mtu wa kujitenga, mwoga wa watu, asiyefaa kazi ya kuhudumia watu, nilicheka kwanza. Kilio kilikuja baadaye.

Wazee wangu walitoka Unguja baada ya mapinduzi, wakatua Jeddah, wakazungushwa miaka mpaka wakapata uraia. Mie nimezaliwa hapahapa. Nilisoma chuo kikuu, nikatoka na shahada ya Kiingereza, kisha nikakaa nyumbani miaka miwili nakunja nguo na kugombana na jiko. Ndipo ikaja ile posho ya raia wasio na kazi. Unajiandikisha kwenye mtandao, unapata chochote mwisho wa mwezi, na jina lako linapelekwa kwa waajiri. Mie nikitaka hilo la jina. Hospitali moja ya hapa mjini ilikuwa inatafuta wanawake wa kukaa mapokezi, na jina langu lilikuwa limeshafika. Nilikuwa nikilala naota ile meza.

Halafu wakaja na jambo jipya. Kila anayepokea posho ajibu mtihani wa tabia, la sivyo posho inakatwa. Maswali themanini, yametafsiriwa kwa Kiarabu kutoka sijui lugha gani, na kila swali majibu mawili tu: ndiyo au hapana. Nikafungua kompyuta mezani, mama akavuta kiti akakaa ubavuni. Mama yangu Kiarabu cha vitabuni hakimwingii vizuri, basi nikawa namsomea kwa Kiswahili. Na kumsomea mama yangu swali ni kumpa ruhusa ya kulijibu.

Swali la mwanzo liliuliza kama mimi ni bora kuliko wenzangu. Mama akanitazama kama kwamba mie ndiye niliyelitunga. Akasema mtu hajisifu, watu ndio humsifu, andika hapana. Likaja la pili, kama nikiingia kwenye ukumbi wa wageni huwa wa kwanza kusema. Mbele ya wakubwa zako? Andika hapana. Kama napenda kusafiri ghafla peke yangu. Astaghfirullah, andika hapana. Kama huzoeana haraka na watu nisiowajua. Hapo mama aliuliza watu gani hao, wanaume au wanawake, na kompyuta haikuwa na jibu. Hapana.

Tulimaliza kabla ya adhuhuri, mama akiona fahari kabisa kwa namna binti yake alivyojibu kwa adabu. Nami nilikubaliana naye. Ndivyo tulivyolelewa, na ilikuwa haijanipitikia kichwani kuwa adabu inaweza kupewa alama.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Hajiamini. Hana hamu ya mafanikio. Hafai kuhudumia watu. Chini yake imeandikwa kuwa matokeo yatatumwa kwa waajiri baada ya wiki mbili, na anayetaka kupinga aende mwenyewe makao ya kampuni iliyotunga mtihani, Riyadh.

Sikumsomea mama. Alinisoma uso. Nilipomwambia alikaa kitandani, mikono mapajani, akasema, "Mie ndiye niliyekuharibia, mwanangu." Sijapata kuumia vile. Yule mwanamke amehudumia wageni maisha yake yote, hajapita mtu mlangoni kwake bila kupewa chai, leo kompyuta imwambie kalea vibaya.

Kilichonitia moto zaidi ni binti wa mama mdogo wangu, anayekaa mtaa wa Al-Hindawiyah. Huyu mwenzangu huamka adhuhuri, na kuamka kwenyewe ni kuhamia kochini. Alikuwa na haraka siku ya mtihani, akabonyeza ndiyo themanini bila kusoma hata moja. Akaandikiwa kuwa ni kiongozi wa kuzaliwa. Nikamwomba ile karatasi yake, akanipa huku anapiga miayo.

Kaka yangu alikuwa dereva kwenye maghala ya Al-Sulay, huko Riyadh. Wikiendi akaja kunichukua. Njia nzima ananitania kuwa anamsafirisha mwoga wa watu ambaye hajafunga mdomo tangu Taif. Mie nikimjibu, lakini moyoni nikihesabu siku zilizobaki. Nikishindwa, ile meza ya mapokezi imekwenda, na mama ataamini mpaka kufa kwake kuwa yeye ndiye aliyeiondosha.

Kwenye kitengo cha wanawake cha ile kampuni nilipokewa na mkuu wake, mama wa makamo, mtu wa Riyadh khasa, mpole, kahawa na tende mezani. Akanieleza taratibu kuwa mtihani ni wa kisayansi na haudanganyi. Nikaweka karatasi mbili mbele yake, yangu na ya yule kiongozi wa kuzaliwa, nikamsimulia jinsi ile ya pili ilivyopatikana. Akasema huenda ni bahati mbaya. Basi nikamwomba kwa heshima zote aufanye yeye, pale pale, na ajibu kama alivyolelewa na mama yake.

Akatabasamu, akageuza kompyuta. Nikamsomea mie.

Kama yeye ni bora kuliko wenzake. Akasema audhubillahi, akabonyeza hapana. Kama huwa wa kwanza kusema mbele ya wageni. Akasema wakubwa wakiwapo, hapana. Kwenye swali la kusafiri ghafla peke yake hakubonyeza kitu. Alinitazama kwa muda, nami nikamtazama. Kisha hapana. Kufika swali la sitini tabasamu lilikuwa limeshamtoka, na mie, Mungu anisamehe, langu lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Hapo makaoni kwao hakuna siku tatu, jibu likatoka papo hapo kwenye kioo. Hajiamini. Hana hamu ya mafanikio. Hafai kuhudumia watu. Neno kwa neno kama langu.

Mezani pake palikuwa na kibao cha tuzo, cha miaka ishirini ya kuhudumia watu. Sikukigusa kwa kidole, nilikitazama tu, naye akaona ninachokitazama.

"Binti," alisema, "nani amekulea wewe?"

"Mama yangu," nikasema. "Ndiye aliyejibu mtihani."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shela. Kisha akanyanyua simu, akaongea kwa sauti ambayo sikuitarajia kwa mtu mpole vile, na mwisho nilisikia halas, halas, yaani basi, yameisha. Nilitoka na barua yenye muhuri kuwa matokeo yangu yamefutwa. Nilishuka ngazi karibu nianguke kwa furaha. Na baada ya miezi michache wote wa posho tukaandikiwa kuwa mtihani ni kwa anayetaka. Hatujamsikia aliyetaka.

Hospitali waliniita. Kwenye usaili nilisema wee, mpaka waliponiambia basi, inatosha, tumeshakuchukua.

Wiki yangu ya kwanza mezani, kwenye foleni nikaona buibui ninalolijua. Mama. Kajifukiza udi, kavaa viatu vya harusini. Kasimama nyuma ya watu sita na hataki kupitishwa mbele, namwashiria anageuza uso. Ilipofika zamu yake nilishtuka, nikamuuliza anaumwa nini.

"Siumwi," akasema, akaweka mkoba wake juu ya meza. "Nimekuja kuhudumiwa."

Nikamhudumia. Nikamuuliza jina, umri, mtaa, nikaandika yote, foleni nzima inasubiri. Nilipomaliza, mama aligeuka kwa wale wanawake waliokuwa nyuma yake, asiowajua hata mmoja, akawaambia kwa Kiarabu chake kilichovunjika kuwa huyu ni binti yake na hakuna amshindaye kwa kazi.