Chungu Kilichobaki Motoni

Siku ya kikao cha msiba wa mama yangu, mwanangu, mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati kama imetumwa, na mpaka leo naikumbuka harufu ya makoti yaliyolowa. Nakueleza siku ile leo kwa sababu kitabu changu kimefika jana kutoka Mbeya! Maboksi yako hapa gengeni, katikati ya mikungu ninayouza, na kila mteja anayeulizia ndizi namfungulia ukurasa kwanza. Riwaya, mimi! Mtu niliyeishia darasa la nne!

Juzi uliniuliza nilijifunzia wapi kuandika. Nilijifunza msibani.

Baba alifariki tukiwa kijijini Matwebe. Mdogo wake, Ambakisye, namtaja kwa jina lake, akataka kumrithi mama pamoja na shamba la migomba. Mama akakataa. Basi haikupita muda, mama akawa mchawi, eti ndiye aliyemla mumewe. Ambakisye akaja na nduguze mchana kweupe, wakatufukuza. Jirani yetu Lusekelo alikuwa amesimama kwenye uzio wake anatafuna muwa. Aliona yote na hakufungua mdomo ila kutema makapi. Huyo naye namtaja.

Tukatembea mpaka Msasani ya hapa hapa Tukuyu mjini, Bibi Tupokigwe akatupa chumba. Shule yangu ikaishia hapo. Miaka ikapita, nikawa binti mkubwa, mama akaugua. Aliomba jambo moja tu: "Mnizike Matwebe, pembeni ya baba yako."

Sasa kikao. Wazee wa ukoo wamekuja, Ambakisye akasimama na sauti yake ya upole kueleza historia ya marehemu.

"Shemeji yetu alikuwa mtu wa biashara," akasema. "Kaka alipotutoka, akaona Matwebe hapamtoshi. Akahamia mjini kwa hiari yake. Tulimsihi sana, jamani! Sasa mtu aliyeondoka mwenyewe, ukoo utamchimbiaje kaburi kule? Azikwe huku alikokupenda."

Wazee wakaitikia. Nikaruka kama nimeungua.

"Mwongo! Mwizi! Muuaji mkubwa we!"

Weee! Kikao kikachafuka. "Huyu binti kafundishwa na nani?" "Mtoeni nje!" Na Ambakisye anatabasamu kwa huzuni: "Mwacheni, mwanangu ana uchungu." Mwanangu! Neno lile liliniunguza kuliko yote.

Bibi Tupokigwe akanivuta mkono mpaka jikoni.

"Umemaliza?"

"Bado!"

"Umemsaidia, mjinga we. Sasa wanazungumzia adabu zako, uongo wake wameshausahau. Hebu niambie, siku mliyofukuzwa mlikula nini?"

"Hatukula, Bibi."

"Mbona?"

"Mbalaga ilikuwa bado motoni." Hapo ndipo nilipoanza kulia.

"Haya, futa kamasi. Rudi ukaseme hiyo mbalaga. Tusi usitie hata moja."

Nikarudi. Nikasema mbalaga ile ilikuwa ndizi na maharage, kwenye chungu cheusi chenye ufa mdomoni. Povu lilikuwa linapanda, mama akaniambia nipunguze kuni. Ndizi nyingine zilibaki kwenye ungo zimemenywa nusu, kisu juu yake. Na mama alitembea njia nzima mpaka Msasani mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, yeye ambaye hata kisimani hakwenda bila kunawa.

Kutoka upande wa wanawake, sauti ikauliza: "Mwanamke gani anahama kwa hiari na chungu kiko motoni?"

"Labda aliwapikia mashemeji chakula cha kuagana!" mwingine akajibu, na watu wakameza kicheko, maana ni msiba.

"Habari za vyungu hizi," Ambakisye akasema, "kikao cha wanaume hakiwezi..."

Hapo akainuka mkewe, Mama Gwakisa. Macho ameyainamisha chini.

"Chungu kile nilikiepua mimi."

"Kaa chini!"

"Nimekaa miaka yote, Baba Gwakisa. Nilikiepua mimi. Na tulikula sisi."

Mama alizikwa Matwebe, pembeni ya baba.

Ndiyo shule yangu hiyo, mwanangu. Nilisema "mwizi" nikatolewa nje, nikasema "ungo" mtu mzima akasimama na kusema kweli mbele ya mumewe. Historia niliyoisoma darasani ilikuwa ya machifu na Wajerumani, na sikatai, walikuwepo. Lakini siku zile nazo kuna mtu alikuwa amebandika chungu! Nani alikiepua? Nikijiuliza hivyo usingizi unapaa, nachukua kalamu hata mteja akiwa amesimama.

Usidhani moyo wangu umepoa. Shamba analo Ambakisye mpaka leo, ndizi zetu anakula yeye, na kila akienda kukata mkungu analizunguka kaburi la mama. Alizunguke tu. Asubuhi hii kamtuma Gwakisa hapa gengeni: "Dada, baba anasema umtoe kwenye kitabu."

Nikacheka mpaka nikashika meza. "Mwambie baba yako jina lake halimo. Mle ndani nimempa jina lingine, na kijiji kingine. Kama amejijua kwa chungu peke yake, basi nimeandika vizuri!"

Kwa hiyo sikiliza. Ukidhulumiwa, na utadhulumiwa, usimalizie nguvu zako kwenye matusi. Aliyekudhulumu anayasubiri hayo. Weka kichwani ulichokuwa umeshika mkononi saa ile, kilichokuwa kinachemka, na nani alikuwa anatafuna muwa. Ukiandika, anzia hapo. Ukiwahoji wazee, wakishamaliza kukutajia wakubwa wao, waulize siku hiyo walikula nini. Na usiharakishe kuondoka, maana mwenye kujua zaidi mara nyingi amekaa nyuma na hajapewa nafasi ya kusema.

Kyala akusaje, mwanangu, Mungu akubariki. Akupe ulimi mtulivu na mkono usiochoka, na chungu chako ukiepue mwenyewe.