Siku Nilipompikia Mama Mkwe Mchuzi Mzito

Mke wangu alikuwa Hola kwa mafunzo ya siku tatu. Siku ya pili asubuhi akanipigia simu, anahema kama mtu anayekimbia.

"Mama ametoka kijijini Wema, yuko njiani kuja kwetu. Amechoka na samaki. Mpikie nyama ya ng'ombe, na mchuzi uwe mzito."

"Mzito kiasi gani?"

"Mzito! Mama hana magego, chakula chake ni mchuzi. Ukimpa mwepesi atasema umempa maji ya kunawa." Hapo akaitwa darasani, simu ikazimwa.

Mimi ni fundi wa simu hapa Garsen. Niletee simu iliyotumbukia mtoni, nitaikausha, nitaipangusa, na jioni itaita. Lakini mapishi yangu hadi siku ile yalikuwa chai, mayai, na ugali wa kubahatisha. Nilifunga kibanda nikaenda buchani. Muuza nyama akaniuliza kama nataka ya kuchoma au ya mchuzi.

"Ya mchuzi mzito," nikasema kwa sauti ya mtu anayejua.

"Basi chukua na mfupa," akasema, akanipimia kilo moja.

Mama mkwe alifika kabla ya adhuhuri kwa bodaboda, amepakata mkungu wa ndizi kama mtoto mchanga. Nikampokea, nikamwamkia, nikamtandikia mkeka kivulini. Akatazama mlangoni.

"Mwenzio yuko wapi, baba?"

"Yuko Hola, mama. Kwenye mafunzo."

"Na nani anapika?"

"Mimi, mama."

Akainamisha uso kama aliyepokea habari ya msiba. "Haya," akasema mwishowe. "Mungu ni mwema."

Nieleze jambo moja hapa. Kwetu, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawataniani, hawaketi mkeka mmoja, na mama mkwe hamwelekezi mkwewe afanye nini nyumbani kwake. Kumfundisha kupika ndiyo kabisa, ni jambo lisilofikirika. Tatizo ni kwamba jiko letu ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na kuta zake hazifiki juu. Kivuli kizuri kiko ubavuni mwa jiko hilo hilo, na mama mkwe alikuwa amekaa hapo akiliegemea bati. Hanioni, lakini kila kitu anakisikia na kila kitu anakinusa.

Nilichemsha nyama na mfupa wake mpaka ikalainika. Hiyo ilienda vizuri. Nikaweka mafuta kwenye sufuria nyingine, nikatia vitunguu, nikageuka kutafuta nyanya. Mara nikasikia sauti nje.

"We kuku."

Nikachungulia kwenye tundu la msumari. Mama mkwe alikuwa anazungumza na kuku wetu mwekundu, aliyekuwa akiparura karibu na mkeka.

"We kuku, kitunguu kinaungua. Mtu akipunguza moto sasa hivi, kitapona."

Nikapunguza moto. Nusura niseme ahsante, nikaumeza ulimi. Si mimi niliyesemeshwa.

Nikatia nyanya, kitunguu saumu, tangawizi, kisha supu ya nyama. Nikaonja. Ladha ilikuwepo, lakini mchuzi ulikuwa mwepesi, unaona mpaka chini ya sufuria. Nikakumbuka kwamba watu hutia unga wa ngano. Nikachota konzi tatu kubwa nikazimwaga humo ndani, mchuzi ukiwa unatokota.

Sijawahi kuona kitu kikiharibika upesi vile. Unga ulijikusanya madonge, mengine kama gololi, mengine kama mayai ya bata. Nikiyafuata na mwiko yananikimbia. Nikilibana moja ukutani mwa sufuria, linapasuka na kutoa unga mkavu. Nikaacha kukoroga, nikabaki nimesimama.

"Kuku," sauti ikasema nje, "mbona kumekuwa kimya? Sidhani kuna mtu chini ya jua anayemwaga unga mkavu kwenye mchuzi unaochemka. Unga huvurugwa pembeni kwa maji baridi."

Kuku akaona mambo hayo hayamhusu, akaenda zake. Mama mkwe akabaki hana wa kumwambia. Akatazama huku, akatazama kule, kisha akazigeukia kandambili zake, akaziambia upya habari ya maji baridi.

Niliyavua yale madonge kwa kichujio cha chai, moja moja, nikayatia kwenye bakuli. Kisha nikavuruga unga kwa maji baridi kama kandambili zilivyoagizwa, ila hakuna aliyeziambia kipimo. Nilivuruga vikombe viwili. Nikamimina vyote. Mchuzi ukakaza mpaka nikauachilia mwiko, nao ukasimama wenyewe wima kama nguzo ya umeme.

Nikaongeza maji. Ukawa mwepesi. Nikaongeza unga. Ukakaza. Maji tena. Sufuria ikajaa, nikahamishia kwenye kubwa. Hiyo nayo ikajaa. Nikatoka kwa mlango wa nyuma nikaenda kwa jirani, mama mmoja mwenye sufuria za shughuli, nikaazima kwake ile ya kupikia wali wa harusi.

"Una wageni wangapi?" akaniuliza.

"Mmoja."

Alinitazama nikiondoka na sufuria lake kichwani mpaka nikaingia ndani.

Nilikuwa nimeshika jagi la maji, namimina, niliposikia mlango wa jiko unalia. Mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini, kanga ameifunga kiunoni. Akatazama sufuria la harusi, bakuli la madonge, unga kwenye nyusi zangu.

"Baba," akasema, na safari hii alikuwa anasema na mimi, "wewe unapika au unajenga?"

Nilijaribu kujibu kwa heshima, lakini kicheko kilinitoka puani. Naye akacheka, mkono ameuweka mdomoni, mabega yanatetemeka, mpaka akashika bati asianguke. Tulicheka pale jikoni, mtu na mama mkwe wake, jambo ambalo sikuwa nimeliona wala kulisikia.

Alipotulia akautwaa mwiko. "Leta kikaango." Akakaanga unga mkavu kidogo kidogo mpaka ukawa na rangi ya mchanga wa mto na kunukia kama mkate. Akauvuruga, akautia polepole huku anakoroga. "Usiongeze kitu. Mchuzi hauharakishwi. Twanga pilipili manga. Chumvi umetia?"

Sikuwa nimetia.

Mchuzi ukatoka wa kahawia, mzito, unang'aa. Shida ilibaki moja tu: ulikuwa mchuzi wa watu thelathini, na nyama kilo moja. Tukaita majirani. Walikuja na mabakuli, na mama mwenye sufuria akaja na wali. Akaja pia mzee mmoja Muorma wa nyumba ya tatu, mtu aliyeishi na ng'ombe maisha yake yote. Akazungusha kijiko kwenye bakuli lake mara tatu.

"Nyama yake iko wapi?"

"Imo, mzee. Tafuta tu."

Akazungusha tena. "Hii ng'ombe ilichukuliwa na mafuriko?"

Mama mkwe alikula sahani tatu. Hata yale madonge aliyachovya kwenye mchuzi akala mawili, akasema hayana kosa kubwa. Tukiwa tunakula, simu yangu ikalia. Ujumbe wa mke wangu: "Usisahau, unga huvurugwa kwa maji baridi." Nikamjibu: "Najua."

Mke wangu aliporudi alikuta bado sufuria mbili zimejaa. Tulikula mchuzi na chapati, mchuzi na ndizi, mchuzi na mchuzi, mpaka akaniomba nimtafutie samaki.

Mama mkwe amekwisha kurudi Wema, lakini siku hizi hampigii bintiye kwanza. Ananipigia mimi, katikati ya kazi, simu ya mteja iko wazi mezani.

"Baba, leo umepika nini?"

Nikimwambia chai, hanung'uniki. Huniuliza tu kama tangawizi niliiponda au niliitia nzima, na hakati simu mpaka nimjibu.