Kisiki cha Chatu Kwenye Tanuri la Mikate

Gogo la kwanza nililomwekea chatu wetu lilitoka porini moja kwa moja, na likamletea utitiri. Tulihangaika kumtibu kwa majuma. Kwa hiyo nilipokiona kisiki cha kahawa kimeng'olewa shambani kwa shangazi kule Nyakisasa, mizizi imejipinda vizuri ajabu, nilikitaka papo hapo, lakini nilijua hakiingii bandani hivi hivi.

"Shangazi, mti huu uliwahi kupigwa dawa?"

"Huu? Hata siku moja. Ndiyo maana ulizeeka vibaya!"

Nikakipakia kwenye basi hadi Nyakanazi, kwenye kituo chetu kidogo ambako, kwa kibali, tunawaonyesha wanafunzi nyoka. Nikabandua maganda yaliyooza, nikasugua kwa brashi na maji ya moto, bila sabuni. Daktari wa mifugo alinionya kwenye simu nisithubutu kutia dawa ya wadudu wala mafuta ya taa, kwa sababu mti hunyonya, na nyoka hulala juu yake. Nikichemshe tu, joto liue wadudu. Lakini kilikuwa kikubwa mno! Hata pipa halikukimeza.

Nikamkimbilia jirani yangu muoka mikate.

"Mama, naomba tanuri lako. Nina kisiki cha chatu."

Akaweka trei chini. "Chatu? Kwenye mikate yangu?"

"Kisiki tu, mama. Yeye yuko bandani."

Akacheka hadi akashika kiuno. "Basi mikate itoke kwanza. Na kikiwaka moto, mimi sikujui."

Mikate ilipotoka akakokota makaa yote nje, akaingiza mkono kupima joto, akasubiri lipungue. Tukakisukuma ndani. Kwa saa mbili nilichungulia kila mara nikiogopa moshi. Tulipokitoa na kukigonga chini, funza weupe, wamekauka, wakamwagika kutoka kwenye matundu.

"Hawa ndio ungempelekea mgeni wako?" akapiga kelele, akawaita wateja waje waone.

Siku tatu baadaye, kisiki kimepoa na kukauka kabisa, alifunga duka mapema akaja kushuhudia nikikiweka bandani. Chatu alikizunguka, akapanda, akaanza kusugua pua kwenye mzizi. Ngozi ikachanika mdomoni, ikarudi nyuma polepole, na chini yake rangi mpya ikang'aa.

"Anavua nguo!" jirani alinong'ona, amenibana mkono. Kisha akaomba kiti, atazame hadi mwisho.