Moshi wa Tanuri la Pizza

Jumamosi iliyopita hapa Kaloleni, jirani yangu, dereva mstaafu, aliwasha kwa mara ya kwanza tanuri la pizza alilolijenga bustanini kwa matofali. Alitualika tuonje. Kuni zilikuwa zimeshika vizuri na bintiye anasukuma unga, mara mama wa nyumba ya pili akaingia na karai la maji.

"Zima huo moto, mzee!"

"Mama, tafadhali usimwage. Matofali yakiwa moto hivi yatapasuka."

"Yapasuke! Mume wangu ana pumu na moshi wote unaingia chumbani. Mpaka nimzike ndiyo ujue?"

Akaliinua karai, maji yakammwagikia miguuni. Hakuna aliyesogea. Kutoka dirishani kwake tukasikia mtu akikohoa, akitafuta pumzi asiipate.

Dereva alichukua koleo, akaanza kutoa kuni zinazowaka, ukuni mmoja mmoja, na kuzifukia kwenye mchanga uliobaki wa ujenzi. Mama hakuweka karai chini mpaka tanuri lilipobaki tupu.

"Sasa njoo umwone," akasema, sauti imeshuka.

Wakaenda pamoja. Dereva aliporudi, kikohozi kilikuwa kimetulia.

"Nitalibomoa," alituambia, "nilijenge upande ule wa barabara."

Alikuwa ametusimulia kwa fahari alivyopima mlango, kuba na unene wa kuta. Umbali wa dirisha la jirani hakuupima. Na sisi tuliokuja na njaa zetu, hakuna aliyemuuliza.