Concilie na Mtihani wa China

Chuo kilitangaza rasmi kwamba, kwa sababu ya Korona, kila mtahiniwa angefanya mtihani nyumbani kwake, peke yake, katika chumba tulivu kilichofungwa.

Nyumba ya Concilie huko Doonside ilikuwa na watu saba na mlango mmoja tu wenye komeo: wa bafuni, ambako ndiko chooni pia. Akajifungia humo na kompyuta yake mapajani. Alikuwa mlezi wa wazee, na kama asingefaulu asingepata nafasi ya kusomea ualimu.

Swali lilihusu China ya nasaba ya Song: kwa nini makarani walinakili upya majibu ya waliotaka kazi serikalini? Akaandika: ili msahihishaji asitambue mwandiko wa mtoto wa mkubwa.

Mlango ukagongwa. Mama mkwe.

“We Concilie! Umehamia humo?”

“Mama, niko China, miaka elfu iliyopita.”

“Na hao Wachina hawaendagi haja?”

Akamfungulia, akageukia ukuta, akaendelea kuandika.

Alifaulu vizuri sana. Katika saa tatu za mtihani waliingia humo watu watano, na mmoja alioga.